Acheni Mama wa Kapu, Mtafuteni Mshika Pesa

Polisi wakivamia kamari ya mtaani Durban, unajua mapema watarudi na nini. Vijana wanne, dadu mbili, noti za randi kumi zilizokunjwakunjwa. Au mama mtu mzima mwenye daftari na kapu la vimkoba. Watalala ndani, watalipa faini, watatoka. Wiki haijaisha, mchezo umeshaanza tena pale pale. Mwenye pesa hakuguswa, kwa kuwa hakuwepo. Yeye huwa hayupo.

Habari hii tumeisikia vya kutosha. Visingizio vyake pia tumevisikia: umaskini, vijana hawana kazi, mila zimeharibika, wageni wameleta tabia mbaya. Kila kimoja kina ukweli wake kidogo, na hakuna hata kimoja kinachoeleza kwa nini mtu achomwe kisu kwa ajili ya randi hamsini. Sababu ya kisu iko karibu zaidi. Kuna mtu anashika pesa za watu wengi na jina lake halijaandikwa popote, risiti hatoi, na hakuna mahakama inayoweza kumuuliza. Mchezo wowote wa jadi ukifika hapo, damu inafuata.

Chukua fafi. Kwa msomaji wa Tabora au Malindi ambaye hajawahi kuiona: ni mchezo wa namba ulioingia Afrika Kusini na Wachina zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ukazoeleka kwenye mitaa ya watu wa kipato kidogo hadi leo unahesabiwa kuwa wa nyumbani. Namba ni 36, na kila moja ina picha yake. Moja ni mfalme, nne ni maiti, thelathini na moja ni moto. Mtu anaota usiku, asubuhi anatafuta ndoto yake imeangukia namba gani. Anaiandika kwenye kikaratasi, anakitia na pesa kwenye kimkoba, anamkabidhi mkusanyaji wa mtaa, ambaye mara nyingi ni mwanamke anayeaminika na majirani. Mkusanyaji anapeleka mikoba kwa mwenye benki, ambaye mtaani jina lake ni Mchina. Mchina anafika na gari, namba yake ameshaichagua kichwani, anaitaja, mikoba inafunguliwa. Aliyepatia analipwa mara 28. Gari linaondoka.

Sasa piga hesabu. Ukiweka randi moja moja kwenye namba zote 36, umetoa 36 na utapokea 28. Nane zimebaki kwenye gari. Nenda kasino, kwenye gurudumu la namba 37 lenye sifuri moja, ufanye vivyo hivyo: utatoa 37 na kuondoka na 36. Tajiri anakatwa moja akiwa amekaa kwenye kiti cha ngozi, na mama anayeuza mboga anakatwa nane akiwa amesimama juani. Na fafi huchezwa hata mara mbili kwa siku. Mwenye benki hana haja ya kuiba. Mchezo wenyewe unamlisha.

Ubaya wa hesabu hii haujamfukuza mtu, wala hatudhani utamfukuza. Watu wanaipenda fafi kwa sababu inachukua hata randi moja, inakuja mlangoni, na inachezwa na watu wanaojuana. Kinachotushughulisha ni kinachotokea pembeni mwa mchezo. Mama yule anapita na pesa taslimu za mtaa mzima, kwa njia ile ile, saa ile ile, na kila kijana wa eneo hilo anajua. Mwenye benki naye anazunguka na pesa za mitaa kadhaa kwenye gari moja. Kuvamiwa kwao si bahati mbaya. Ni jambo ambalo mtoto wa shule angeweza kulitabiri. Na wakivamiwa, hawaendi polisi, kwa sababu wataanza kuulizwa walikuwa wamebeba nini. Basi wanatafuta mlinzi mwenye bastola, na mlinzi mwenye bastola baada ya muda anataka sehemu yake.

Upande wa mchezaji ni vilevile. Namba ni ya mwenye benki, ameichagua mwenyewe. Akisema leo ni nne na si tisa, utamwonyesha nini? Kikaratasi chako kiko mkononi mwake. Ukishinda pesa nyingi kuliko alizo nazo, akapandisha kioo na kuondoka, utamkimbilia wapi? Sheria ya Taifa ya Kamari ya mwaka 2004 iko wazi: ushindi wa mchezo usio na leseni haulipwi kwa mshindi. Mahakama haitakusaidia kuudai. Kwa hiyo mtu anayedhulumiwa ana njia mbili tu: anyamaze, au atafute vijana wa kumdaia. Halafu tunashangaa vijana wa kudai wametoka wapi.

Hali hii ina historia, na historia yake haina uzuri wowote. Sheria ya Kamari ya 1965 ilipiga marufuku kila kitu isipokuwa kubashiri mbio za farasi. Farasi waliachwa kwa sababu wakubwa waliwapenda. Mbio za farasi za Durban July zilikuwa zikifanyika kwenye uwanja wa Greyville tangu 1897 na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Wazungu wa Natal waliotaka gurudumu na karata walivuka mto kuingia Transkei, ambako kasino ya Wild Coast Sun ilifunguliwa mwaka 1981, katika nchi ya kubuniwa ambayo Pretoria ilidai ni huru. Walicheza wikendi na kurudi kazini Jumatatu bila kuulizwa. Mwenye fafi na mwenye dadu waliachiwa polisi.

Baada ya 1994 milango ilifunguliwa. Sheria ya 1996 iliruhusu kasino zisizozidi 40 nchi nzima, na KwaZulu-Natal ikapewa tano. Bahati nasibu ya taifa ilianza mwaka 2000. Kasino ya Suncoast ikafunguliwa ufukweni mwa Durban mwaka 2002. Mkoa ukatunga sheria yake ya michezo ya kubahatisha na kubeti mwaka 2010. Maduka ya kubeti yakajaa kila barabara, na leo kampuni ya kubeti iliyozaliwa Durban ndiyo inayobandika jina lake kwenye Durban July. Karibu kila kamari ilipata dawati lake ofisini, isipokuwa ile ya mtu wa chini. Fafi na dadu zilibaki nje kama mwaka 1965.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha, kama lisingekuwa linaumiza. Kampuni za kubeti zenye leseni zinauza michezo ya namba, na zinachapisha hata miongozo ya ndoto: ukiota hiki, cheza namba hii. Hiyo ni fafi. Imenyolewa ndevu, ikavaa tai na kupewa mashine ya risiti. Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba haiwezekani kuisimamia. Inasimamiwa tayari, kwa wale wenye mtaji wa kununua leseni kubwa.

Dadu tuitaje kwa ufupi. Huko hakuna hata mwenye benki. Kwenye vitongoji vya Durban kama Umlazi, KwaMashu na Inanda, duara linakaa kwenye kona, pesa zinawekwa chini, watazamaji nao wanabashiriana wenyewe kwa wenyewe. Ubishi unaanza kwa jambo dogo: dadu imegusa kiatu, haikuviringika vizuri, wewe ulisema saba. Pesa ziko chini na hakuna mwamuzi, kwa hiyo mwenye nguvu ndiye mwamuzi. Habari za watu waliopigwa risasi wakiwa kwenye duara la dadu zimesomwa mara nyingi mno hata hazishtui tena. Lakini hata huko, angalia vizuri. Duara lililodumu miaka lina mwenyewe. Kuna mtu anayechukua chake kila mzunguko kwa kuwa uwanja ni wake, au kwa kuwa yeye ndiye anayehakikisha hakuna fujo. Vijana wanamjua. Polisi wa eneo, kama wanafanya kazi, wanamjua pia.

Ukitoka Durban ukapanda barabara ya N3 kuelekea Howick na Mooi River, utakuta kisa hicho hicho kwa sura nyingine. Wazulu wana uwindaji wao wa pamoja, inqina, wenye kanuni zake, mkuu wake na heshima zake. Siku hizi kuna kitu kinachojificha nyuma ya jina hilo. Magari ya teksi yanafika alfajiri kwenye mashamba ya watu, mbwa wa mbio wanashushwa, na pesa zinawekwa kwa mbwa atakayemwangusha swala wa kwanza. Dau linaweza kufika maelfu ya randi. Wenyeji huuita uwindaji wa teksi. Anayeumia kuliko wote ni taya, swala mdogo wa nyika ambaye sasa yuko hatarini kutoweka Afrika Kusini, na mamlaka ya wanyamapori ya mkoa haina watu wa kutosha kulinda kila uzio. Wenye mashamba wanatoka na bunduki, mbwa wanapigwa risasi, watu wanatishiana kuuana. Anayekamatwa ni kijana aliyeshika kamba ya mbwa. Aliyekusanya dau yuko mjini, anasubiri simu ya matokeo.

Wazee wa inqina wanayo haki ya kukasirika kuliko mtu yeyote. Jina lao linatumiwa na watu ambao hata nyama ya swala hawaibebi.

Tena Durban yenyewe ina mfano wa mchezo wa jadi ambao haukuingia kwenye matope hayo. Wahindi walioletwa Natal kulima miwa, ambao meli yao ya kwanza, Truro, ilitia nanga mwaka 1860, waliacha mji huu na mchezo wa karata uitwao thunee. Unachezwa kibarazani, harusini, msibani usiku wa kukesha, na una mashindano ya kumbini yenye waamuzi na zawadi zilizotangazwa. Watu wanabishana kwenye thunee mpaka wanasimama juu ya viti. Wapo wanaoucheza kwa pesa, hilo hatukatai. Lakini pale zawadi inapotangazwa mapema na mtu mwenye jina anapoishika mbele ya wote, ubishi unaishia kwenye kelele.

Kukamata wabeba fafi na kumwacha mwenye benki ni sawa na kuanika godoro kila Jumamosi huku kunguni wako kwenye mbao za kitanda. Utachoka wewe kabla yao.

Dawa basi ni hii, na kila mtu anayehusika anaijua. Mkoa utenganishe vitu viwili kwa sheria. Watu wanaocheza wenyewe kwa wenyewe kwa pesa ndogo, na hakuna anayechukua chake pembeni, waachwe. Hao ni majirani wanaocheza. Lakini anayechukua chake kila mzunguko, awe mwenye benki ya fafi, mwenye uwanja wa dadu au mkusanya dau la mbwa, huyo ni mfanyabiashara na ashughulikiwe kama mfanyabiashara.

Mwenye fafi apewe leseni ndogo, ya bei anayoimudu, kwa eneo lake. Masharti yasiwe kitabu. Jina na picha yake vibandikwe mahali pa mchezo. Kila mchezaji apate kikaratasi chenye nakala, kimoja abaki nacho. Namba ya siku itumwe kwa ujumbe wa simu kwenye ofisi ya mkoa kabla mikoba haijakabidhiwa, ili asiweze kuibadilisha akishaona watu wamecheza nini. Aweke dhamana ya kulipa washindi. Malipo makubwa yapite kwenye simu au benki, mama asitembee na kapu la noti. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Duka la kubeti la mtaa wa pili linafanya mengi ya hayo kila siku.

Mbwa wa dau hawana leseni ya kupewa, kwa sababu shamba ni la mtu na taya hana mbadala. Huko dawa ni kufuata pesa. Gari lina namba, dau linakusanywa kwa simu, simu ina kumbukumbu. Fungueni kesi ya aliyekusanya, na kijana wa kamba ya mbwa awe shahidi.

Kuna watakaosema kwamba mwenye benki hatakuja kuchukua leseni. Wengine hawatakuja, ni kweli. Lakini siku jirani yake atakapokuwa na risiti na dhamana, mama mkusanyaji ana sababu gani ya kuendelea kumbebea asiye nayo? Wachezaji wa fafi si wajinga. Wameweka kumbukumbu za namba za Mchina wao miaka na miaka wakijaribu kusoma akili yake. Watu hao watajua haraka nani analipa.

Kenya ilionyesha mwaka 2019 faida ya kumjua mshika pesa kwa jina. Serikali ilipogombana na kampuni za kubeti kuhusu kodi, ilizima leseni za kampuni 27 mwezi Julai, na kabla ya mwaka kwisha kubwa kuliko zote, SportPesa, ilikuwa imefunga shughuli zake nchini. Unaweza kubishana kama ilikuwa haki au la. Sisi tunaangalia jambo moja: serikali ilijua iandike barua kwa nani. Nairobi hiyo hiyo imekimbizana na wachezesha pata potea kwenye vituo vya matatu tangu enzi za babu zetu na haijawashinda, kwa sababu hakuna anuani ya kupeleka barua.

Kuna pia ndugu wa dini watakaotuambia kamari ni kamari, iwe na risiti au isiwe nayo. Hatubishani nao. Asiyetaka kucheza asicheze, na mzazi amkataze mwanawe. Lakini mji ulioweka kasino ufukweni kwenye mchanga ule ule ambako watoto wanacheza hauna uso wa kumhubiria mama mwenye kimkoba. Marufuku kamili kwa wote, au usimamizi kwa wote. Hili la katikati, ambapo tajiri anasimamiwa na maskini anavamiwa, ndilo linalozaa maiti.

Na tusijifanye hatujui kwa nini dawa inakwepwa. Mchezo usio na leseni humpa askari asiye mwaminifu mshahara wa pili. Kampuni kubwa haitaki mshindani anayepokea randi moja mlangoni. Mwanasiasa anaogopa kuonekana anahalalisha kamari wiki ya uchaguzi, ingawa jana alikuwa Greyville amevaa kofia nzuri. Kila mmoja ana sababu yake ya kutaka mambo yabaki yalivyo, na anayezikwa hana kiti kwenye kikao.

Neno kwa wasomaji wetu wa Durban wenyewe, Wakongo mnaolinda magari, Warundi, Watanzania wa Albert Park na Point: mgeni asiye na karatasi akidhulumiwa kwenye duara la dadu, hana kituo cha polisi cha kwenda. Mwenye uwanja anajua hilo kabla hujakaa chini. Pesa yako usiiweke mahali ambapo hupewi kikaratasi.

Na kwa bunge la mkoa pale Pietermaritzburg: sheria ya 2010 mliitunga wenyewe, na mnaweza kuirekebisha wenyewe. Waiteni washika benki mezani, wapeni miezi sita ya kujiandikisha. Itakapokwisha, gari la polisi lipite nyumbani kwa mama wa kapu bila kusimama, likasimame kwa asiyejiandikisha.